Siku ya Kwanza Kutafuta Vyuma kwenye Ufukwe wa Withernsea

Naandika kutoka Hull, mji wa bandari ulioko mashariki ya Uingereza. 

Nimeombwa niandike habari za safari moja, na ombi lenyewe lilikuja kwa sababu ya picha. Mke wangu alituma picha kwenye simu ya dada yake hapo kambini: mimi nimevaa koti na buti za mpira, niko ufukweni, nimeshika fimbo yenye duara kama sahani kule chini, na masikioni nimeweka spika. Picha ikazunguka. Wiki haijaisha, habari imeshafika mpaka sokoni Makere kwamba fulani siku hizi anachimba dhahabu Ulaya. Kisha mtoto wa shangazi yangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, tutumie hiyo detekta moja tu. Mimi na wenzangu watatu tunarudi Fizi, tunapita nayo kule upande wa Misisi, miezi mitatu tumeshatoka kimaisha. Hela yako tutarudisha mara mbili."

Sikumjibu siku ile. Jambo lenyewe si la kujibu kwa sauti ya dakika moja, na najua si yeye peke yake anayewaza hivyo. Basi ngoja niwaeleze nilichokiona, halafu jibu lake litakuja.

Kwanza mahali penyewe. Withernsea ni mji mdogo wa pwani, kutoka Hull ni kama kilomita 30. Zamani kulikuwa na reli, ikafungwa kwa abiria mwaka 1964, kwa hiyo siku hizi watu wanapanda basi, mwendo wa saa nzima hivi, unapita mashamba ya ngano na vijiji vyenye makanisa ya mawe. Ukifika, kitu cha kwanza kukushangaza ni mnara wa taa wa kuongozea meli. Haupo baharini. Upo katikati ya mji, umezungukwa na nyumba za watu, mweupe, mrefu. Ulijengwa miaka ya 1890 na taa yake ilizimwa mwaka 1976. Baadaye ukageuzwa kuwa makumbusho. Cha pili ni geti kubwa lenye minara miwili kama ngome ya mfalme, limekaa mbele ya bahari, na nyuma yake hakuna kitu. Lilikuwa lango la gati refu la mbao na chuma lililofunguliwa mwaka 1877 ili watu watembee juu ya maji. Meli zikaligonga katika dhoruba, mara ya kwanza, mara ya pili, na tena, mpaka gati lote likaisha, likabaki lango. Watu wanapiga picha pale. Mimi niliona ni kama mtu aliyebaki na mlango wa nyumba.

Na bahari yenyewe, msidhani ni kama ziwa letu. Sisi tuliokulia Baraka, Kazimia au Uvira tunajua maji ambayo ukisimama mpaka kiunoni unaona vidole vyako vya miguu. Bahari ya huku ni ya rangi ya chai ya maziwa. Sababu ni udongo. Pwani yote hii, kilomita kadhaa kusini na kaskazini ya Withernsea, ni genge la udongo laini wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, ulioachwa na barafu ya zamani sana. Mawimbi yanaula. Inasemwa ni moja ya pwani zinazomong'onyoka haraka kuliko zote Ulaya, na katika sehemu nyingi bahari inachukua kiasi cha mita 2 kila mwaka kwa wastani. Vijiji vizima vimekwenda. Mji mmoja ulioitwa Ravenser Odd, uliokuwa na bandari yake na hata wabunge wake, ulimezwa na maji katika karne ya 14. Nimeona mwenyewe barabara ya lami inayokwenda moja kwa moja mpaka ukingoni, halafu hewa. Wenyewe hawana vita, ila wapo waliohama nyumba zao wakibeba masanduku kama sisi, kwa ajili ya maji tu.

Hii ndiyo sababu watafutaji wa vyuma wanapenda pwani hii. Genge likianguka linatoa vilivyokuwa ndani yake.

Aliyenipeleka ni jirani yetu, mzee aliyepita miaka sabini na mitano. Ujana wake alikuwa baharia wa meli za uvuvi zilizokwenda mpaka karibu na Iceland, kabla kazi ile haijafa Hull miaka ya 1970. Yeye ananiita kwa jina langu tu, ndiyo desturi yao. Mimi siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina, kwa hiyo namwita Mzee, na amelipenda neno hilo mpaka anajiita hivyo akipiga hodi. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja, aliyezaliwa hapo hapo kambini, anamwita Babu. Tulikwenda watatu.

Safari haikupangwa kwa saa ya ukutani, ilipangwa kwa maji. Wenzetu wa Zanzibar na Dar es Salaam wanajua kupwa na kujaa, ila sisi wa ziwani hatukulelewa nako. Bahari inapwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kiasi cha dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, mchanga ambao siku nyingine umefunikwa unabaki wazi. Mzee ana kijitabu cha majira ya maji. Siku ile maji yalikuwa yapwe kabisa saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa hiyo tulitoka Hull saa moja na nusu ili tuanze maji yakiwa bado yanarudi. Alisema anayesubiri maji yapwe kwanza ndiyo aanze, huyo anakuja kufukuzwa na maji.

Sasa mashine. Ile sahani ya chini ndani yake kuna waya uliozungushwa mara nyingi. Betri inapitisha humo umeme unaogeuka-geuka, na waya unatoa nguvu ya sumaku inayoingia mchangani. Ikikuta metali yoyote, ndani ya metali hiyo panazaliwa umeme mdogo, na umeme huo nao unatoa nguvu yake ya sumaku, dhaifu sana. Mashine inaisikia hiyo na kuigeuza kuwa mlio. Basi, ni hivyo tu. Haioni kitu. Sarafu inaisikia ikiwa chini kama sentimita 15 au 20, kitu kikubwa inakisikia zaidi. Kwenye kioo kidogo panatokea namba, na mtu anajifunza kwamba namba fulani huwa ni sarafu, fulani huwa ni msumari.

Na maji ya chumvi yanaleta taabu, kwa sababu chumvi inapitisha umeme. Nilipofika kwenye mchanga uliolowa mashine ikaanza kulia peke yake kama mtoto mwenye njaa. Mzee akapunguza nguvu yake kidogo, ikatulia. Akanifundisha kuipeleka kushoto na kulia, polepole, sahani iwe karibu na mchanga muda wote. Vijana wanaoiona kwenye filamu wanaizungusha kama panga la kufyekea majani. Kule juu mwisho wa mzunguko inakuwa haisikii chochote.

Mlio wa kwanza, moyo uliruka, nisidanganye. Nikachimba na koleo dogo, binti yangu akachuja mchanga kwenye chekeche. Kipete cha kufungulia kopo la soda. Wa pili, kipete. Wa tatu, sarafu ya peni moja iliyooza. Peni na peni mbili za hapa tangu mwaka 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, bahari ikitoboa ile shaba kinabaki kipande cha kutu. Wa nne, karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Nikamwuliza Mzee kwa nini asiiambie mashine iache vipete. Inawezekana, akasema, kuna kitufe cha kazi hiyo. Lakini kipete cha kopo na pete ya dhahabu vinatoa karibu namba moja. Ukikataa vipete umekataa na pete. Kwa hiyo yeye anachimba vyote, na anavibeba vyote kwenye mfuko, maana kilichofukuliwa hakirudishwi kutoboa miguu ya watoto.

Halafu tukapata kitu kizito kidogo, cha kijivu, mviringo wenye tundu. Mzee akakitaja kwa Kiingereza, na mimi bila kufikiri nikamgeuzia binti yangu kwa lugha yetu: "Ni risasi."

Mtoto aliangusha chekeche. Kiswahili chetu kina neno moja tu hapo: madini yale mazito na laini ni risasi, na kile kinachotoka kwenye bunduki ni risasi. Nikamwambia, "Hapana mama, tulia, ni chubwi, uzito wa ndoano ya mvuvi." Akakiokota, akakigeuza, bado hana imani. Nikamweleza Mzee kwa nini mtoto ameshtuka. Alikaa kimya muda, kisha akasema lugha yao inatenganisha maneno hayo, na hajui kama hiyo ni bahati au namna gani.

Machubwi tulipata saba siku ile. Kwa mtu wa Baraka hiyo si takataka, ni mali.

Mambo yaligeuka karibu na ukuta wa mbao wa zamani wa kuzuia mawimbi. Mlio ulikuja mkubwa, mzito, haufanani na yote ya kabla. Nikachimba kiganja kimoja, viwili. Koleo likagonga. Nikafuta mchanga kwa mkono nikaona chuma chenye kutu, kimeviringa kama chungu kilicholala, na sehemu moja imebanwa kama shingo.

Niliweka koleo chini. Sikuambiwa na mtu. Binti yangu alikuwa ameshasimama, anarudi nyuma akikanyaga nyayo zake mwenyewe, mguu baada ya mguu, kama bibi yake alivyomfundisha akiwa na miaka minne, nyuma ya nyumba yetu hapo kambini, mahali ambapo hapajawahi kutegwa hata bomu moja. Bibi yake alitoka Fizi na alisema mafunzo haya hayasubiri mtoto afike kwenye hatari. Mimi nikafuata. Mzee akatutazama, akatazama shimo, naye akaja. Alisema anadhani ni kipande cha bomba. Lakini hakurudi kukigusa ili ahakikishe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Alipiga simu 999, namba ya dharura ya huku, akaomba walinzi wa pwani. Tukasimama mbali, tukawaomba watu wawili wenye mbwa wapite juu. Tulisubiri dakika kama arobaini. Ndipo Mzee akatueleza habari za Cowden, mahali palipo kaskazini ya pale, pwani hii hii. Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na uwanja wa kufanyia mazoezi ya kudondosha mabomu, ukafungwa mwaka 1998. Sasa genge linamong'onyoka, na yale waliyoyafukia ardhini yanatoka yenyewe na kuanguka ufukweni. Kuna mabao ya onyo, na wataalamu wa jeshi wanaitwa mara kwa mara kuyalipua. Tena mwaka 1940, wakiogopa Wajerumani watashuka baharini, Waingereza wenyewe walitega mabomu katika fukwe zao nyingi. Kuyaondoa kuliendelea hata miaka ya 1960 katika sehemu nyingine, kwa sababu mchanga ulikuwa umehama na ramani hazikulingana tena na ardhi. Nilisikiliza nikawaza: nchi tajiri hivi, yenye ramani, na walioyatega ni wao wenyewe.

Walikuja vijana wawili wenye makoti ya buluu, mwanamke na mwanamume. Wakakitazama kwa mbali, wakapiga picha, wakaituma kwa wataalamu wa mabomu wa jeshi, wakangoja jibu. Jibu likaja: ni kiungo cha bomba la zamani. Yule mwanamke hakutucheka. Alimshukuru Mzee, kisha akainama akamwuliza binti yangu nani alimfundisha kurudi kwenye nyayo zake. "Bibi," akasema. Basi.

Nilivyorudi nyumbani nilitaka kujua mashine hii imetoka wapi, na nikakuta jambo ambalo wakimbizi wanapaswa kulijua. Majaribio ni ya zamani. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alileta chombo cha kuisikiliza risasi mwilini. Hakuipata, na inasemwa springi za chuma za kitanda zilikivuruga chombo. Rais akafa mwezi Septemba mwaka huo huo. Lakini mashine ya kushika mkononi ya kutafuta mabomu ya ardhini, iliyotumiwa na jeshi kubwa vitani, ilibuniwa na mtu aliyekimbia nchi yake. Jina lake Józef Kosacki, luteni wa Poland. Nchi yake ilivamiwa mwaka 1939, akafika Uingereza, akafanya kazi yake Scotland pamoja na wanajeshi wenzake wa Poland. Mashine yake ilikuwa na uzito unaokaribia kilo 14. Mwezi Oktoba 1942, mashine 500 zilipelekwa Misri kwenye vita vya El Alamein, zikafungua njia katikati ya mabomu ya Wajerumani. Hakudai malipo ya uvumbuzi. Alipata barua ya shukrani ya Mfalme. Na jina lake lilifichwa wakati wote wa vita, maana ndugu zake walikuwa bado Poland chini ya Wajerumani. Hilo la kuficha jina kwa ajili ya waliobaki nyumbani, nadhani hapo kambini sihitaji kulieleza.

Mwaka huo huo wa 1942 wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, walianza kufika Afrika Mashariki. Kambi yao moja kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, watu kama 5,000, na makaburi yao yapo mpaka leo. Kwa hiyo Tanzania ilishapokea wakimbizi kutoka Ulaya kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Na kuna jambo la pili, la Tanzania yenyewe. Shida ya mashine inajulikana kwa watu wa kazi ya mabomu: inalia kwa kila chuma. Ardhi iliyopita vita imejaa maganda ya risasi, misumari, vikopo, waya. Mtaalamu lazima apige magoti na kuchunguza kila mlio kana kwamba ndio bomu. Hapo ndipo shirika la APOPO, ambalo kituo chake kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, likafundisha panya buku. Panya hasikii chuma, ananusa baruti. Kipande cha bati anakipita tu. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine anaweza kuchukua mpaka siku nne. Na hana uzito wa kulipua bomu akilikanyaga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Cambodia akagundua mabomu na milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu ya Uingereza. Alikufa Januari 2022, uzeeni, baada ya kustaafu. Msumbiji, ambako panya hawa walifanya kazi pamoja na watu na mashine, ilitangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa. Watoto wapendao hadithi wasimuliwe hiyo, ni ya kweli.

Sasa nimgeukie mdogo wangu, na wenzake watatu.

Mdogo wangu, mashine hii haijui dhahabu. Inajua metali tu. Chembe za dhahabu kama zile za mtoni, ndogo kama punje za chumvi, mashine ya kawaida haizisikii kabisa. Na udongo mwekundu kama wa kwetu una chuma ndani yake, unailiza bure mchana kutwa. Zipo za bei kubwa zinazovumilia udongo huo. Hizo mimi sina uwezo nazo, na ile niliyoshika kwenye picha ni ya Mzee. Kisha kuna sheria. Hapa Uingereza karibu nusu ya fukwe, ile sehemu inayofunikwa na maji na kuachwa, iko chini ya Ufalme, na huko mtu anaruhusiwa kutafuta. Penginepo unamwuliza mwenye eneo. Ukipata kitu cha dhahabu au fedha chenye zaidi ya miaka 300, lazima ukiripoti ndani ya siku 14, na kilichopotea juzi kina mwenyewe, unamtafuta. Tanzania, leseni ya mchimbaji mdogo ni ya raia. Kwetu Kongo sheria inadai kadi ya mchimbaji. Usiseme kule hakuna sheria, kuna watu wenye bunduki wanaoitumia wanavyotaka, na mtu mwenye mashine ya gharama barabarani ni mtu anayejitangaza.

Lakini hata ungekuwa na kadi, hilo silo linalonikosesha usingizi. Fikiri ule mlio mkubwa nilioupata mimi. Nilikuwa na simu, nilikuwa na watu wa kuwaita, wakaja kwa dakika arobaini, wakawa na picha na wataalamu wa kuulizwa. Wewe uko kwenye kilima ambacho vikosi vimepita juu yake miaka karibu thelathini. Mashine inalia. Na wenzako watatu wanasimama juu yako wanasema chimba, chimba, ndiyo yenyewe. Nani atakuwa wa kwanza kuweka koleo chini?

Kwa hiyo jibu ni hapana, sitaituma. Ada ya kozi ya ufundi wa umeme uliyoniambia mwaka jana tuizungumze, nipigie Jumapili jioni.

Wazazi nawaomba jambo moja, hasa mnaojiandaa kurudi. Watoto wetu wanaokota vyuma vya kuuza, tunajua sote, na mnunuzi haulizi vimetoka wapi. Kabla ya safari wakalisheni. Chuma usichokijua hukigusi, hukipigi jiwe, hukitupi motoni, hukileti nyumbani umwonyeshe baba. Unasimama. Unarudi kwa nyayo ulizojia. Unamwambia mtu mzima, na mtu mzima anaweka alama akiwa mbali na anamwita kiongozi. Fanyeni kama mchezo wa nyuma ya nyumba, mara nyingi, mpaka miguu yao ijue. Bibi alitumia kopo la mafuta la msaada na majivu ili nyayo zionekane vizuri.

Hesabu ya siku ile, kwa wanaotaka kujua utajiri: pauni mbili na peni thelathini na saba, machubwi saba, vipete kumi na vinne, misumari sikuhesabu, na ufunguo mmoja wa mlango. Mzee ana ndoo nzima ya funguo kama huo nyumbani kwake. Fedha nilimwachia alipie chai. Machubwi binti yangu ameyaosha na kuyafunga kwenye kitambaa, kuna mtu anasafiri Kigoma mwezi wa saba, na mjomba wake pale Kibirizi bado ana nyavu.